Treni Chafu Haitoki

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, Marekani ikiwa mbioni kusherehekea miaka 200 ya uhuru wake, vijana watatu wa New York waliojiita Caine, Mad na Flame walipenya mahali zilipolazwa treni za njia namba 7, wakaipaka rangi treni moja yote, kuanzia behewa la kwanza mpaka la 11. Waliipamba kwa bendera na rangi za taifa, wakaiita Treni ya Uhuru. Kulipopambazuka wakuu wa reli wakaiona kabla haijatoka. Wakaizuia, mabehewa yakaachanishwa, rangi ikafutwa. Hakuna abiria hata mmoja aliyeipanda, wala mtu aliyesimama kwenye jukwaa la stesheni na kuiona ikipita.

Kwa maoni yangu, asubuhi ile Mamlaka ya Usafiri ya New York iligundua dawa ya ugonjwa wake bila kujua kwamba imeigundua. Iliichukulia kama dharura ya siku moja, ikarudi kwenye mambo yake. Ilichukua miaka minane zaidi, na fedha nyingi zilizomwagwa kwenye dawa za kuoshea, mbwa, nyaya za wembe na polisi, kabla ya mtu mmoja kuifanya dharura ile kuwa kanuni ya kila siku.

Desturi yenyewe ya kuandika na kuchora treni ilianza kwa unyonge. Katikati ya miaka ya 1960 vijana wa Philadelphia walikuwa wakiandika majina yao ukutani, na kufikia mwishoni mwa muongo huo mchezo ulikuwa umefika New York. Tarehe 21 Julai 1971 gazeti la The New York Times lilichapisha habari ya kijana mmoja wa asili ya Kigiriki, mkazi wa Washington Heights kaskazini mwa Manhattan, aliyekuwa akiandika TAKI 183 kila alikopita. Taki ni kifupisho cha jina lake, na 183 ni namba ya mtaa aliokaa. Kwa kuwa alifanya kazi ya tarishi, alizunguka jiji zima, na jina lake likazunguka naye: kwenye milango ya treni, kwenye nguzo za stesheni, hata kwenye magari ya kuuzia aiskrimu. Gazeti lilieleza kwamba kufuta maandishi ya namna hiyo kuliigharimu Mamlaka takriban dola 300,000 kwa mwaka. Lilieleza pia kwamba Taki alikuwa na waigaji wengi. Baada ya habari hiyo waigaji wakageuka jeshi. Kijana ambaye hakuna aliyemjua nje ya mtaa wake alikuwa ameonyeshwa kwamba kalamu nene ya wino inaweza kumwingiza kwenye moja ya magazeti makubwa nchini.

Majina yalipojaa, jina dogo likawa halionekani tena. Ndipo ukubwa na urembo ulipoanza. Mnamo 1972 kijana aliyejiita Super Kool 223 alipachika kwenye kopo lake la rangi kifuniko chenye tundu pana zaidi, alichokitoa kwenye kopo la bidhaa nyingine ya dukani, na rangi ikamwagika kwa upana ambao kalamu haiwezi kuufikia. Kuanzia hapo herufi zikanenepa, zikapata kivuli, zikafungamana, zikapanda juu ya madirisha mpaka kwenye paa. Phase 2 alizipa umbo la mapovu. Miaka ya mwisho ya muongo wa 1970 kundi la Fabulous Five, ambamo Lee Quiñones alikuwa nyota, lilipaka treni nzima ya mabehewa 10. Dondi alijulikana kwa unadhifu wa mkono wake. Lady Pink, aliyezaliwa Ecuador, aliingia kwenye mabanda ya treni usiku pamoja na wavulana, katika mazingira ambamo msichana alilazimika kuthibitisha mara mbili yale ambayo mvulana aliyathibitisha mara moja. Wenyewe walijiita waandishi. Rangi nyingi waliiba madukani. Walifanya kazi gizani, hatua chache kutoka kwenye reli ya tatu inayobeba umeme wa volti 600, wakiwa tayari kukimbia.

Ni rahisi leo, ukiangalia picha nzuri zilizopigwa enzi hizo, kudhani kwamba treni zote zilikuwa maonyesho ya sanaa. Hazikuwa hivyo. Kwa kila mchoro wa Dondi kulikuwa na maelfu ya saini za ovyo, nyingi zikiwa ndani ya behewa: juu ya viti, juu ya ramani, juu ya vioo, moja juu ya nyingine mpaka abiria akashindwa kusoma jina la stesheni aliyofika. Mwaka 1979 mwanasosholojia Nathan Glazer aliandika makala iliyogusa kiini cha tatizo. Abiria, alisema, hamuoni mchoraji. Anachokiona ni ushahidi kwamba mahali alipoketi kwa saa nzima, bila njia ya kutoka, hapana mwenyewe. Kama wenye treni wameshindwa kuzuia kopo la rangi, watazuia kisu?

Msomaji wa Nairobi ana haki ya kuguna hapa. Matatu za Umoinner, Rongai au Buruburu zimechorwa kuanzia bampa mpaka bampa, mara nyingi kwa mtindo uliozaliwa kwenye treni hizi hizi za New York na kuvuka bahari pamoja na muziki wa hip hop, na abiria kijana huiacha matatu isiyochorwa ipite ili asubiri iliyochorwa. Serikali ya Kenya ilijaribu kuzirudisha kwenye mstari wa manjano kwa kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, lakini michoro ikarudi. Tofauti ni ya mwenye mali. Mchoro wa matatu umeagizwa na mwenye gari, amemlipa fundi, na anatarajia urudishe fedha kwa nauli. Matatu iliyopambwa humwambia abiria kwamba kuna mtu anayeijali kupita kiasi. Behewa la New York lilimwambia kinyume chake.

Meya John Lindsay ndiye aliyetangaza vita mwaka 1972. Baraza la jiji lilipitisha sheria iliyofanya kuwa kosa kuingia kwenye jengo au chombo cha umma na kopo la rangi lililofunguliwa. Vijana walikamatwa, wakafikishwa mbele ya mahakimu waliokuwa na kesi za mauaji mezani, wakapewa adhabu ya kusugua mabehewa, wakarudi makwao. Wengi walikuwa na miaka 13 au 14. Wakati wa kusugua walijuana na wachoraji wa mitaa mingine, wakabadilishana habari za yadi ipi haina mlinzi.

Mwaka 1973 likaja kosa kubwa zaidi. Mamlaka iliamua kupaka rangi upya mabehewa yote, zaidi ya 6,000, kwa rangi ya fedha na mstari wa buluu. Kazi ilikuwa kubwa na ghali, na kwa wiki chache treni zilipendeza. Lakini hapakuwa na mpango wowote wa siku inayofuata. Saini zote za zamani, zilizokuwa zimebanana kiasi kwamba mchoraji mpya hakuwa na pa kuweka mkono, zilifutwa kwa mpigo, na mahali pake pakawekwa uwanja safi, unaong'aa, unaopita mbele ya mamilioni ya watu kila siku. Wachoraji wa kizazi hicho wanaukumbuka mwaka huo kwa furaha. Jiji lilikuwa limewalimia shamba.

Kisha fedha zikaisha. Mwaka 1975 New York ilikaribia kufilisika, na matengenezo ya treni yakawa ya kwanza kuahirishwa, kwa sababu behewa lisilotengenezwa leo halipigi kelele mpaka kesho. Mafundi walipunguzwa, wasafishaji wakapunguzwa. Kwenye sehemu nyingi za njia reli zilikuwa mbovu kiasi kwamba madereva waliamriwa kwenda maili 10 kwa saa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 behewa lilisafiri takriban maili 7,000 tu kabla ya kuharibika. Milango ilikwama, taa zilizimika, moto ulizuka kwenye njia. Katika hali hiyo kumwambia abiria kwamba adui yake ni kijana wa Bronx mwenye kopo la rangi kulikuwa ni kumtafutia mtu wa kumlaumu.

Hata hivyo Mamlaka iliendelea kupambana na rangi kana kwamba rangi ni ugonjwa unaojitegemea. Mwaka 1977 ilijenga Coney Island mtambo wa kuosha treni kwa kemikali kali. Behewa lilipita chini ya mnyunyizo, likasuguliwa, likatoka upande wa pili. Kwenye mabehewa mengi rangi haikutoka, ila iliyeyuka na kutapakaa, ikaacha utandu wa matope usio jina wala mchoro. Kemikali zilikula chuma. Wafanyakazi walilalamika kuumwa, na harufu ikawafikia wanafunzi wa shule ya jirani. Wachoraji walihuzunika, kisha wakagundua kwamba utandu ule ni msingi mzuri wa kupakia rangi nyingine.

Zamu ya mbwa ilikuja mwaka 1981. Meya Ed Koch, mtu aliyependa maneno makali, alikuwa amesema hadharani kwamba kama angeachiwa yeye angeweka mbwamwitu. Kwenye yadi ya Corona, huko Queens, zilijengwa seng'enge mbili, na kati yake wakaachiwa mbwa wa ulinzi. Treni za njia namba 7 zilipakwa rangi nyeupe tupu ili kuonyesha matokeo. Yadi ya Corona ilitulia, na Koch akatoa zaidi ya dola milioni 20 kuzungushia nyaya za wembe yadi nyingine, safari hii bila mbwa. Tatizo ni kwamba mtandao wa New York ni mkubwa kuliko yadi zake. Usiku, safari zinapopungua, treni nyingi hulazwa ndani ya mahandaki, kwenye njia za treni za haraka, katikati ya stesheni na stesheni. Hakuna seng'enge ya kuzungushia handaki. Na mahali palipokuwa na seng'enge, mkasi wa kukatia waya ulitosha.

Vita hivyo vilikuwa na maiti pia. Usiku wa tarehe 15 Septemba 1983 polisi wa usafiri walimkamata Michael Stewart, kijana mweusi wa miaka 25, msanii, kwenye stesheni ya First Avenue huko Manhattan, wakisema alikuwa akiandika ukutani. Alifikishwa hospitali ya Bellevue akiwa hajitambui, amefungwa mikono na miguu. Alifariki siku 13 baadaye. Maofisa sita walishtakiwa, na mwezi Novemba 1985 baraza la wazee wa mahakama, wote weupe, likawaachia huru. Mchoraji Jean-Michel Basquiat, aliyeanza yeye mwenyewe kwa kuandika kwenye kuta za Manhattan, alikichora kifo hicho ukutani mwa studio ya rafiki yake Keith Haring. Yeyote anayesimulia usafishaji wa treni za New York kama hadithi ya ushindi mtupu ameiruka stesheni hiyo.

Mabadiliko ya kweli yalianzia mezani, kwa mtu asiyehusika na michoro. Richard Ravitch, mwenyekiti wa MTA, shirika mama la usafiri wa jiji, alikwenda kwa wabunge wa jimbo huko Albany akawaambia kwamba mfumo unakufa. Mwaka 1981 alipata kibali cha kukopa mabilioni ya dola kwa ajili ya mpango wa uwekezaji wa miaka mitano. Fedha hizo zilinunua mabehewa mapya ya chuma kisichoshika kutu, kwanza 325 kutoka Kawasaki ya Japani, kisha 825 kutoka Bombardier ya Kanada. Zilikarabati ya zamani. Zilirudisha mafundi na wasafishaji. Bila fedha za Ravitch, yaliyofuata yangekuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Yaliyofuata yalimhusu David Gunn. Alitoka Philadelphia alikokuwa akiendesha usafiri wa jiji, akachukua urais wa Mamlaka ya Usafiri mwanzoni mwa 1984. Alikuwa mtu wa reli, si mwanasiasa. Washauri walimwambia aachane na michoro kwanza, ashughulike na reli zinazovunjika. Gunn aliona kwamba hayo ni jambo moja. Fundi anayetengeneza injini ya behewa lililojaa uchafu, alivyoamini, anatengeneza kitu ambacho wakuu wake wameshakikatia tamaa, naye atafanya kazi kwa kiwango hicho hicho.

Mwezi Mei 1984 Mpango wa Mabehewa Safi ulianza, na ajabu yake ni udogo wake. Gunn hakusafisha mabehewa 6,000 kama walivyofanya watu wa 1973. Alianza na treni chache za njia chache, akazisafisha kabisa, akaweka sharti: behewa likishaingia kwenye mpango, halitabeba abiria tena likiwa na mchoro. Treni ikifika mwisho wa safari, wasafishaji wanaingia. Alama ikiweza kufutwa ndani ya muda wa kugeuza treni, inafutwa. Isipoweza, behewa linaondolewa kwenye huduma mpaka lisafishwe. Mabehewa safi hayachanganywi na machafu. Njia moja ikishika, inaongezwa nyingine. Mabehewa ya zamani yalipakwa rangi nyekundu iliyokolea isiyoshika wino kwa urahisi, hata abiria wakayaita Ndege Wekundu.

Hapo ndipo ile asubuhi ya Treni ya Uhuru ilipogeuzwa kuwa utaratibu. Mchoraji wa treni hakutaka fedha, wala hakuwa na ugomvi na chuma. Alitaka jina lake litoke Bronx saa 12 asubuhi, lizame Manhattan, liibukie Brooklyn, na wenzake walioketi kwenye stesheni ya 149 Street na Grand Concourse walione na kulijadili. Kumkamata kulimwongezea sifa. Mbwa walimwongezea hadithi ya kusimulia. Kilichomvunja moyo ni kutoonekana.

Gunn mwenyewe amesimulia jinsi vijana walivyokuja usiku tatu mfululizo kwenye treni zilizolazwa Harlem. Usiku wa kwanza walipaka ubavu wa behewa rangi nyeupe, wakaacha ikauke. Usiku wa pili walichora mistari ya nje. Usiku wa tatu walijaza rangi. Watu wake walikuwa wakijua, wakangoja wamalize. Kisha wakaenda na brashi za kuviringisha, wakafunika kazi yote, vijana wakitazama na machozi yakiwatoka. Ukatili uliomo kwenye kisa hicho hauhitaji kufichwa. Lakini hakuna aliyepigwa, na kijana aliyepoteza usiku tatu na makopo yake ya rangi alielewa ujumbe kuliko angeuelewa mahakamani.

Sharti hilo lilikuwa na bei, na walioilipa walikuwa abiria. Kuondoa behewa la mpango lililochorwa maana yake ni kuondoa treni nzima, pengine saa mbili na nusu asubuhi, jukwaa likiwa limefurika watu wanaochelewa kazini. Kila mkuu wa zamu alishawishika kuiachia ipite mara moja tu. Sifa kubwa ya Gunn, naona mimi, ni kwamba hakukubali hiyo mara moja. Wakuu wa njia walipimwa kwa usafi wa treni zao, na aliyeruhusu alama kupita alijua ataitwa kujieleza. Wasafishaji, ambao hapo awali walifanya kazi isiyo na mwisho wala shukrani, sasa waliona walichosafisha jana kikiwa safi leo. Tarehe 12 Mei 1989, miaka mitano tangu kuanza, treni ya mwisho yenye michoro iliondolewa kwenye huduma.

Wanaharakati wa nadharia hawakukawia. James Q. Wilson na George Kelling walikuwa wameandika mwaka 1982 kwamba dirisha moja lililovunjika lisipotengenezwa hualika mengine kuvunjwa, na wakamtaja Glazer na treni zake. Treni za Gunn zilipokuwa safi, wengi walizifanya ushahidi kwamba ukidhibiti makosa madogo, makubwa yatajiondokea. Tarehe hazikubali kirahisi hivyo. Mwaka 1990, treni zikiwa safi tayari, New York ilihesabu zaidi ya mauaji 2,200, idadi kubwa kuliko mwaka wowote wa historia yake. Uhalifu ulishuka baadaye, kwa sababu ambazo wataalamu wangali wanazibishania. Alichothibitisha Gunn ni kitu kidogo na imara zaidi: kwamba shirika la usafiri linaweza kutunza mali yake likiamua, likiwa na fedha, na likikubali kupata hasara ya leo.

Wachoraji hawakwisha, walibadilisha zana. Kwa kuwa rangi ilifutika, miaka ya 1990 walianza kukwaruza vioo kwa mawe na vyuma, kisha wakamwagia tindikali inayoingia ndani ya kioo na kukifanya cheupe kama mvuke. Hiyo haifutiki. Mamlaka ikajibu kwa kubandika juu ya vioo utando mwembamba wa plastiki, ambao ukiharibiwa hubanduliwa na kubandikwa mwingine. Falsafa ni ile ile ya 1984, imepunguzwa mpaka unene wa karatasi.

Kuna kejeli moja ya kalenda. Mwaka ule ule Gunn alipoanza kuzinyima treni macho ya watazamaji, Martha Cooper na Henry Chalfant walichapisha Subway Art, kitabu cha picha za mabehewa yaliyochorwa. Behewa lingeweza kufutwa baada ya saa mbili, lakini picha ilikuwa inauzwa London na Amsterdam. Machi 1985, huko Geltendorf karibu na Munich, vijana wa huko walipaka treni nzima ya abiria. Miaka 28 baadaye, Mei 2013, shirika la reli la Ujerumani, Deutsche Bahn, lilitangaza kwamba litajaribu droni zenye kamera za kuona gizani ili kulinda yadi zake.

Mchoraji wa leo anayesafiri kutoka Ulaya kwenda New York kuwinda treni anajua vizuri kwamba behewa lake halitatoka. Hategemei litoke. Anapaka haraka, anarudi nyuma hatua tano, anapiga picha kwa simu, na kufikia wasafishaji wanapoleta ndoo zao jina lake limeshaonwa Berlin, São Paulo na Nairobi. Wasafishaji wanafuta vilevile.